Wananipa 120,000 nijiuzulu. Nitie sahihi?

Barua

Mama mshauri, pokea salamu zangu.

Nina miaka 39. Nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko gredi ya saba na mdogo gredi ya tatu. Tunaishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya tano. Mimi ni mwendeshaji mashine katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda. Niliingia pale 2012 nikiwa kibarua wa kulipwa kila Jumamosi, na 2014 wakaniandika kwa barua. Kila siku natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, natembea na wenzangu kupitia Mukuru kwa Njenga hadi kazini, ili pesa ya nauli ibaki nyumbani.

Mwezi jana waliletewa mashine mpya mbili. Moja inafanya kazi tuliyokuwa tukiifanya watu saba. Jumatatu hii tukaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja. Nilipoingia nilikuta karatasi moja mezani, imeshachapwa, jina langu na nambari ya kitambulisho ziko juu. Imeandikwa kwamba mimi, kwa hiari yangu mwenyewe, najiuzulu kazi, na kwamba nitalipwa shilingi 120,000 na sitakuwa na dai lingine lolote. Kalamu ilikuwa imewekwa juu yake. Meneja wa wafanyakazi akaniambia nikitia sahihi kufikia Ijumaa, pesa itaingia kwenye akaunti Jumatatu. Nikikataa, hajui nitapata nini. Niliomba nakala niende nikaisome nyumbani, akasema nakala ni ya aliyesaini.

Mama, sijawahi kushika 120,000 kwa wakati mmoja. Mshahara wangu wa msingi ni 27,000 na marupurupu ya nyumba 4,050. Wakishakata NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya), ushuru wa nyumba na kodi ya mapato, zinabaki 26,900. Sacco inachukua 7,200, yaani 5,200 za mkopo na 2,000 za akiba. Mkononi napata 19,700. Kodi ya nyumba ni 7,500. Chakula kama 9,000, maji ya mitungi na tokeni za stima 1,500, gesi na makaa 1,200, shule ukigawanya kwa mwezi ni 3,000, mama yangu kule Vihiga namtumia 2,000, na simu na nauli za hapa na pale 800. Mke wangu anakaanga chapati kando ya barabara asubuhi, hiyo ndiyo inatusaidia mwezi ukiwa kona.

Mwaka jana mama alilazwa, nikakopa kwenye programu mbili za simu. Sasa moja nadaiwa 8,500 na nyingine 6,000, na kila mwezi nalipa halafu nakopa tena. Juu ya hayo nimefuliza 3,400, yaani mkopo wa M-Pesa wa salio likiisha. Hii programu ya pili imenitumia ujumbe kwamba wataanza kuwapigia simu watu walio kwenye simu yangu, mmoja baada ya mwingine. Mke wangu anajua habari ya kazi. Habari ya madeni haya hajui.

Kwenye Sacco nina akiba ya 92,000 na mkopo uliobaki ni 78,000. Wadhamini wangu ni wafanyakazi wenzangu watatu, na wawili kati yao pia wameitwa ofisini.

Shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, amenipatia pikipiki ya mkono wa pili ya 165,000. Anasema nisaini, niongeze kidogo, ninunue, nimpe kijana aendeshe na aniletee hesabu ya 400 kila siku. Mama anasema nirudi nyumbani nilime. Nami usiku nalala macho yakiwa kwenye dari. Ijumaa ni keshokutwa. Nifanye nini?

Baba wa Wawili, Pipeline


Jibu

Ndugu yangu Baba wa Wawili,

Jibu fupi nilikutumia kwa simu usiku uleule niliposoma barua yako: usitie sahihi. Umeniruhusu niichapishe, na nimeshukuru, kwa sababu si wewe peke yako uliyekuta kalamu juu ya karatasi. Hili sasa ndilo jibu refu.

Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka 14 kwenye dawati la mishahara la kampuni moja hapa Nairobi. Barua kama hiyo uliyoonyeshwa nimewahi kuichapa kwa mikono yangu, na hilo linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo naweza kukueleza kwa nini ilikuwa tayari kabla hujaingia mlangoni. Mfanyakazi anayejiuzulu ana haki chache. Mfanyakazi anayeondolewa kwa sababu mashine imechukua nafasi yake ana haki nyingi zaidi. Neno "hiari" kwenye karatasi ile ndilo linalokuhamisha kutoka kundi la pili hadi la kwanza, na ndiyo maana wamelitangulizia 120,000.

Kilichowapata pale kiwandani sheria inakiita kupunguzwa kazini: kazi imekwisha, na mfanyakazi hana kosa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri afanye mambo kadhaa kabla ya kukutoa. Akujulishe kwa maandishi wewe na afisa wa kazi wa eneo lenu, angalau mwezi mmoja mbele. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, taarifa hiyo hupelekwa kwa chama na kwa afisa wa kazi. Aeleze anachagua nani kwa kuangalia aliyetangulia kuajiriwa, ujuzi, uwezo na kutegemewa kwa kila mtu. Akulipe mwezi wa notisi, au akupe mwezi huo ukiwa kazini. Siku za likizo ambazo hujazichukua zigeuzwe pesa. Na akulipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza.

Sasa tuchukue kalamu yetu wenyewe. Mshahara wako wa msingi ni 27,000. Ukigawanya kwa siku 30 unapata 900 kwa siku. Siku 15 ni 13,500. Kwa miaka 11 iliyotimia tangu barua ya 2014, fidia peke yake ni 148,500. Ongeza mwezi wa notisi, 27,000. Uliponijibu kwenye simu uliniambia una siku 14 za likizo hujaenda, hizo ni 12,600. Jumla ni 188,100, na hii ni hesabu ya chini, kwa sababu kuna wanaogawanya mshahara kwa siku 26 za kazi, na siku inakuwa na thamani zaidi. Siku ulizofanya kazi mwezi huu bado sijazigusa. Wewe unapewa 120,000. Karatasi ile inakuomba uwaachie 68,100.

Kuna jambo lingine ambalo nina hakika hawatalitaja. Ulifanya kibarua pale miaka miwili bila kukatika kabla hawajakuandika. Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, ajira yake inageuka kuwa ya kawaida ya mwezi. Miaka hiyo miwili ina thamani ya 27,000 nyingine. Sitaiweka kwenye hesabu yetu, maana utahitaji kuithibitisha. Lakini anza kutafuta ushahidi: taarifa yako ya NSSF itaonyesha mwajiri alianza kukulipia lini, na kama ulilipwa kwa M-Pesa, ujumbe wa zamani unaweza kupatikana. Kadi ya zamani ya kuingilia langoni pia ni ushahidi. Usitupe kitu.

Ijumaa nenda kazini kama kawaida. Usikae nyumbani, wala usigombane na mtu, maana kutofika kazini au matusi yatawapa sababu nyingine ya kukufuta, na hiyo haitakuwa kupunguzwa tena. Wakikuita, sema hivi kwa upole: "Sijakataa kuondoka. Naomba taarifa ya kupunguzwa kazini kwa maandishi, na hesabu ya haki zangu mstari kwa mstari." Halafu nyamaza. Nimewaona watu wakijiharibia kwa kuendelea kuongea. Ukitoka hapo, andika kwenye daftari tarehe, saa, nani alikuwepo na alisema nini. Wakikataa kukupa chochote, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Huhitaji wakili kwa hilo. Kituo Cha Sheria hapa Nairobi, ambacho kimekuwepo tangu 1973, huwasaidia bure watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Kesi ya ajira ina muda wa miaka mitatu, kwa hiyo Ijumaa ni siku yao, si siku ya sheria. Na vyovyote mtakavyoachana, dai cheti cha utumishi. Ni haki yako, na mwajiri mwingine atakiuliza.

Hapo ndipo inapoishia kazi ya kudai. Sasa nataka tuongee juu ya pesa yenyewe, maana hata 188,100 zikiingia zote, naogopa zaidi yatakayotokea wiki mbili baadaye.

Umeandika kwamba hujawahi kushika 120,000 kwa wakati mmoja. Ndugu yangu, umewahi. Umezishika mara nyingi, ila zilikuja zikiwa zimekatwakatwa vipande vya 19,700. Pesa hii si mtaji ulioanguka kutoka mbinguni. Ni mishahara ya miezi ambayo hutakuwa na mshahara, imetangulia kufika. Ndiyo maana nakuomba uache kuihesabu kwa shilingi na uihesabu kwa miezi.

Matumizi uliyoniandikia yanafika 25,000 kwa mwezi. Mkopo wa Sacco tuuweke 3,000, nitaeleza kwa nini. Jumla 28,000. Mkeo, kwa maelezo uliyonipa kwenye simu, hutumia pakiti tatu za ngano kwa siku. Kila pakiti hutoa chapati 22 za shilingi 20, ni 440. Unga, mafuta na makaa vinakula 320. Faida ni 120 kwa pakiti, 360 kwa siku. Ukiondoa Jumapili, mvua na siku mtoto anapougua, tuseme 9,000 kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba yenu itapungukiwa 19,000 kila mwezi.

Kutoka kwenye 188,100 toa madeni yote ya simu, 17,900, na toa 3,600 za mwaka mzima za SHA, wanaosimamia ile bima ya afya ya SHIF. Zinabaki 166,600. Gawanya kwa 19,000: mna karibu miezi tisa. Fanya hivyohivyo na 120,000 zao, utapata miezi mitano na siku chache. Kumbe kile ambacho karatasi ile inakuomba uwaachie ni zaidi ya miezi mitatu ya kodi ya nyumba, unga na shule ya watoto. (Hesabu hizi zote ni kabla ya kodi ya mapato. Ukishapata karatasi yao, badilisha tarakimu, njia ibaki ileile.)

Tuweke sasa pikipiki ya shemeji kwenye mizani hiyo. Hata ukilipwa 188,100 zote, ukishatoa 165,000, madeni ya simu na SHA, unabaki na 1,600. Kijana akuletee 400 kila siku kwa siku 26, ni 10,400, kabla ya tairi, breki, bima na siku pikipiki inapokamatwa. Pamoja na chapati unapata 19,400, nayo nyumba inataka 28,000. Pungufu ni 8,600 tangu mwezi wa kwanza, na huna akiba ya kuziba. Utaziba na nini? Utarudi kwenye simu. Sisemi shemeji ana nia mbaya. Bodaboda inalisha familia nyingi sana katika jiji hili, lakini mara nyingi inamlisha anayeiendesha mwenyewe na kuijua. Wewe unataka kumkabidhi miezi tisa ya watoto wako kijana ambaye hukumtaja hata jina.

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye sentensi moja: mke wako "anakaanga chapati" na hiyo "inasaidia". Mstari mmoja tu, baada ya mistari yote ya mshahara wako. Ndugu, kuanzia mwisho wa mwezi huu mfanyabiashara wa nyumba hiyo ni yeye. Ana wateja, ana mahali, anajua unga gani unavutika na upi unakatika. Hayo huwezi kuyanunua kwa 165,000.

Basi muulize kwanza, tena kwa heshima ya mtu anayeuliza mwenye kazi: ni siku gani chapati huisha mapema? Zikiisha saa mbili asubuhi na watu wakarudi mikono mitupu, kuna nafasi ya kuongeza. Zikibaki, hakuna, na kuongeza unga ni kumwaga pesa. Muulize pia wateja wake ni akina nani. Kama wengi ni wafanyakazi wa viwanda wanaopita alfajiri, na viwanda vinapunguza watu, itabidi atafute wengine. Pale Pipeline majengo hayaishi kujengwa. Fundi wa mjengo hula saa saba mchana, na hawezi kuacha kazi aje kutafuta chapati barabarani. Wewe una miguu ambayo imetembea kwenda na kurudi Eneo la Viwanda kwa miaka. Beba ndoo ya chapati na sufuria ya maharagwe uwapelekee.

Jaribuni wiki mbili kwa shilingi 8,000, zisizidi. Mkifika pakiti sita kwa siku, faida ni 720, karibu 18,000 kwa mwezi, na pungufu la nyumba linashuka hadi 10,000. Zile zilizobaki, ambazo zingewafikisha karibu miezi tisa, zitawafikisha zaidi ya kumi na tano. Mkishindwa, mmepoteza 8,000 na mmejua. Na kama unaona aibu kukanda unga mbele ya majirani, nakuelewa, mimi pia nina kaka. Lakini mwanao wa gredi ya tatu hataona aibu. Ataona baba yuko nyumbani asubuhi.

Huku ukitafuta kazi nyingine, bila shaka. Mwendeshaji mashine mwenye miaka 11 ana ujuzi, na kiwanda kilichonunua mashine mpya kinahitaji mtu wa kuzihudumia. Waulize kama wanafundisha wachache wa kubaki. Wasipokuuliza wewe, waulize wewe.

Madeni ya simu yalipwe yote siku pesa itakapoingia, kabla hujanunua hata soda. Uliniambia ile ya kwanza hukopa 8,000 ukalipa 9,200 baada ya siku 30. Hiyo ni asilimia 15 kwa mwezi mmoja. Sacco nyingi hutoza karibu asilimia 1 kwa mwezi, tena kwa salio linalopungua. Kwa miezi yote hii umekuwa ukilipa zaidi ya 2,000 kila mwezi kwa programu hizo na deni liko palepale, sawa na ile unayomtumia mama yako. Fuliza nayo ilipe mapema, maana gharama yake huhesabiwa kwa siku. Ukishamaliza, ziondoe programu hizo kwenye simu.

Kuhusu vitisho vya kuwapigia watu wako: kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kufanya hivyo. Hawaruhusiwi kuwapigia watu walio kwenye orodha yako ya simu, kukutukana wala kukuaibisha. Kanuni hizohizo zinaweka kikomo: deni likishaharibika, riba haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki wakati huo. Piga picha ujumbe waliokutumia, uhifadhi. Wakithubutu, lalamika Benki Kuu, na pia kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni ni lako na utalilipa, lakini jina lako hukuliweka rehani.

Sacco nenda mapema, kabla hawajasikia kutoka kwa watu wengine. Usijitoe. Akiba yako ya 92,000 inazidi mkopo wa 78,000, kwa hiyo wadhamini wako hawako hatarini. Waambie hivyo wao wenyewe, maana najua hawalali pia. Omba urefushiwe muda ulipe 3,000 kwa mwezi kwa simu, na akiba usimamishe kwa sasa. Kuna mlango mwingine: kujitoa, mkopo ulipwe kutoka kwenye akiba, ubaki na 14,000 na usiwe na deni. Mlango huo utakuwepo. Mwezi wa tano mkiona hakuna kipato kipya, uufungue. Ukiufungua leo, utakuwa umepoteza mahali pekee ambapo unaweza kukopa kwa riba ya kibinadamu siku mambo yakinyooka.

SHA usiiache hata kidogo. Ulipokuwa kazini walikukata asilimia 2.75 kila mwezi bila wewe kufikiria. Ukitoka, unalipa mwenyewe, na kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Piga *147# ujue wamekupimia kiasi gani. Ni kulazwa kwa mama yako kulikokuingiza kwenye mikopo hii. Angalia kama yeye mwenyewe amesajiliwa. NSSF nayo isahau kwa sasa, kabla ya miaka 50 haiwezi kukusaidia, ila hakikisha michango yote imefika.

Vihiga sikwambii usiende. Ila shamba nalo linataka mbegu, mbolea na miezi ya kungoja, na watoto wako katikati ya mwaka wa shule. Likizo ya Desemba nendeni, muone ardhi kwa macho ya mtu anayetaka kuishi pale, kisha mwamue mkiwa wawili. Za mama 2,000 zidumishe. Lakini kiasi cha pesa utakachopewa usimtajie, wala shemeji, wala mtu yeyote nje ya chumba chenu. Kila mmoja ana shida ya kweli, na kila shida inajua njia ya kufika kwa mtu aliyepata pesa ya mkupuo.

Bado kuna mkeo. Leo usiku watoto wakilala, mpe simu yako mkononi. Usimweleze kwanza. Mfungulie ule ujumbe wa vitisho asome mwenyewe, halafu umwonyeshe zile programu mbili na kiasi. Atakasirika. Mwache akasirike. Anakaanga chapati alfajiri ili mwezi ufike mwisho, kumbe faida yake ya siku sita kila mwezi ilikuwa ikipotelea kwenye riba asiyoijua, ana haki. Kisha chukueni daftari la mtoto, ukurasa wa nyuma, muandike ile 28,000 mstari kwa mstari kwa mwandiko wake yeye, kwa sababu bei za sokoni anazijua kuliko wewe na mimi.

Karatasi ya hesabu kutoka kiwandani ikifika, ipige picha unitumie siku hiyohiyo. Nitaipitia.